Siku moja maishani mwangu: darubini iliyokuwa inachelewa

Saa 12 asubuhi. Iringa mwezi Juni maji ya bomba yanauma vidole, na leo ukungu ulitanda hadi jiwe la Gangilonga halikuonekana. Nilikunywa chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, nikafungua karakana mapema kuliko kawaida. Julai Mosi msimu wa uwindaji unafunguliwa, na wiki hii ya mwisho bunduki zinakuja mfululizo.

Saa 2 kamili wakaingia wawili. Mmoja ni mwindaji bingwa ambaye mimi humwita Mzee. Mwingine ni msoma nyayo wake, baba wa Kihehe aliyetembea naye porini miaka mingi.

"Kamwene."

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba, fundi. Huyu ana ugonjwa."

Mgonjwa alikuwa darubini ya kulengea iliyofungwa juu ya bunduki yake kubwa, .375. Kabla ya kusikia maelezo nilitoa bolti, nikamulika tochi kwenye chemba, nikaingiza na kidole, kuhakikisha hakuna risasi ndani. Hiyo siiruki hata bunduki iwe ya baba yangu mzazi. Nikaandika namba yake kwenye daftari. Mzee hakuondoka kando yake siku nzima, na ndivyo ninavyotaka: bunduki ina mwenyewe, na mwenyewe awepo.

Akaeleza. Inapiga kushoto. Alizungusha nobu ya pembeni ya darubini, ile ya kurekebisha shabaha, kliki 20 kwenda kulia (kila kliki ni hatua moja ndogo), akapiga, risasi ikatua palepale. Akapiga ya pili, palepale. Ya tatu ikaruka kulia na kupita kitovu.

Moyo ukanishuka. Darubini iliyokwama kabisa haimdanganyi mtu, kwa sababu unaiona imekwama. Hii inayochelewa ndiyo ninayoiogopa. Unazungusha nobu, unaondoka uwanjani ukiamini imekubali, halafu inakubali kwa mshtuko wa risasi ya kesho, na kesho kuna nyati mbele.

Ndani ya darubini kuna bomba dogo lililobeba msalaba, ile mistari miwili ya kulengea. Nobu inalisukuma upande mmoja, na springi inalisukuma upande wa pili ili lifuate. Kwa darubini nyingi, ukizungusha kwenda juu au kulia, skrubu inatoka nje, na hapo kazi yote inabaki kwa springi. Springi ikiwa dhaifu, au bomba likibanwa mahali, msalaba unabaki nyuma mpaka utikiswe.

Lakini sikuanza na darubini. Watu wengi huilaumu hiyo kwanza kwa sababu ndiyo yenye bei, wakati shida iko kwenye skrubu ndogo. Nilianza chini: skrubu za kitako, kisha besi, vile vyuma vilivyofungwa juu ya bunduki, kisha ringi zinazoishika darubini, moja baada ya nyingine, bila kugusa mbili kwa mpigo. Ukirekebisha vitu vitatu kwa pamoja na bunduki ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Saa 4 nikafika kwenye besi ya nyuma. Chini yake kulikuwa na gundi ya zamani iliyokauka kama ukoko wa ugali, upande wa kulia tu. Besi ilikaa imeinama kidogo mno, kiasi ambacho jicho lisingekiona, ila fimbo ya chuma niliyoilaza kwenye ringi zote mbili ilikionyesha. Aliyefunga aliona ringi hazinyooki akaamua kuzilazimisha kwa kukaza. Nilipofungua ringi ya nyuma nikaona mwili wa darubini umebonyea, mstari mwembamba unaong'aa. Nilipitisha ukucha, ukakwama.

Sitamtaja aliyefunga. Ila nasema wazi, kukaza kwa nguvu za mkono si ufundi. Mimi ringi nazikaza nyutoni mita 2 kwa spana ya kupimia, basi.

Saa 5 na nusu. Niliweka darubini kwenye jiliwa lenye vitambaa, nikabandika ukutani mita 25 karatasi yenye mistari ya sentimita. Kliki moja ya darubini hii ni robo ya dakika ya nyuzi, yaani kama milimita 7 kwa mita 100. Kwa hiyo kliki 80 kwa mita 25 zinapaswa kuusogeza msalaba sentimita 14 na nusu. Nikazungusha kulia kliki 80, polepole, nikihesabu kwa sauti.

Msalaba ukafika sentimita 9, ukasimama.

Nikagonga mwili wa darubini kwa mpini wa bisibisi, kidogo tu, kama unavyogonga yai. Msalaba ukaruka mbele ya jicho langu hadi 14.

"Njoo utazame, Mzee." Akatazama. Nikarudia. Hakusema neno.

Nilitaka kuipa nafasi ya haki, maana ilikuwa imezungushwa karibu na mwisho kufidia ile besi, na huko springi huwa imelegea. Nikaweka ukuzaji mdogo kabisa, kioo cha mbele nikakigusisha kwenye kioo cha kujitazamia. Ukichungulia hivyo unaona misalaba miwili, wenyewe na kivuli chake, na ikilaliana ndipo katikati. Ya Mzee ilikuwa mbalimbali sana. Nikairudisha hadi ikalaliana. Gundi nikaikwangua, nikafuta kwa spiriti, besi ikakaa sawa, ringi nikaweka nyingine.

Mchana wali maharage, haraka haraka.

Saa 8 tukawa uwanja wa shabaha nje ya mji, wenye tuta kubwa la udongo, bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Risasi tatu za kwanza zilikaa pamoja vizuri na Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikaongeza kliki 20 kulia. Kwa mita 100 zilipaswa kutoa sentimita 14 na nusu. Ya kwanza ilitoa 6. Ya pili, bila mtu kugusa kitu, ikatoa 13.

Kwa hiyo besi ilikuwa kosa moja, na ule mbonyeo ni kosa la pili. Bomba la ndani linakwaruza pale. Nami sifungui darubini ya namna hii karakanani, ndani ina naitrojeni kavu. Ikitoka unaingia unyevu, na asubuhi ya baridi utaona ukungu ndani ya vioo. Ni ya kurudishwa kiwandani, na kiwanda kiko ng'ambo.

"Gari la kambi linaondoka keshokutwa kwenda pori la akiba la Rungwa," Mzee akasema. "Sasa hivi imetulia. Nisipoigusa nobu, si itabaki hapo?"

Swali zuri, na kwa digidigi ningetafakari. Nikamwambia: inaweza kubaki, inaweza kuhama. Siwezi kukuambia ipi, na ndiyo sababu siipitishi.

Akanyamaza. Akajibu msoma nyayo, akiwa amechuchumaa kando ya maganda ya risasi:

"Mzee, nyati akijeruhiwa, anayetangulia kufuata damu ni mimi."

Kisha akaenda kwenye gari, akarudi na darubini ya zamani ya Mzee, imefungwa kwenye kanga. Inakuza mara 4 tu, rangi imechubuka. "Niliibeba asubuhi. Juzi niliona hii mpya inavyocheza."

Saa 10 na nusu. Nikafunga nzee hiyo. Risasi moja kwa mita 25, kisha mita 100. Kliki 20 kulia, ikaenda 14. Kliki 20 kushoto, ikarudi na kugusa tundu la mwanzo. Nikapandisha hadi sentimita 5 juu ya kitovu, anavyopenda Mzee, akapiga tatu. Zote zinafunikwa na mdomo wa kikombe cha chai. Bega lake lilikuwa limechoka, maana .375 inarusha risasi ya gramu 19, na leo alipiga nyingi.

Msoma nyayo akaikunja karatasi ya shabaha mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Saa 12 jioni baridi ilikuwa imesharudi. Niliifunga ile mpya kwenye kitambaa, nikaandika kwenye daftari: imebonyea nyuma, inachelewa kulia, imetolewa.