Jinsi nilivyozipatanisha ruta mbili nyumbani

Chumba cha nyuma hapa kwetu kina kuta nene, na Wi-Fi ya sebuleni ilikuwa inafika huko kwa kujikokota. Nikatoa ruta ya zamani (kile kifaa cha kurusha Wi-Fi) kabatini, nikavuta waya wa mtandao wa mita 15 kutoka ruta kubwa, nikachomeka. Taa zikawaka vizuri tu. Simu ikaniambia imeunganishwa, lakini hakuna intaneti.

Siku mbili nazima, nawasha. Nikaulaumu waya, nikanunua mwingine. Hela ya bure hiyo.

Kumbe tatizo lilikuwa anwani. Ruta zote mbili zilikuwa zinatumia 192.168.1.1, yaani nyumba mbili zenye namba moja mlangoni. Nikabonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma kwa njiti, kama sekunde 10 hivi, ruta ya zamani ikasahau kila kitu. Nikaiunganisha na kompyuta peke yake, nikabadili anwani yake ya LAN, yaani ya mtandao wa ndani ya nyumba, iwe 192.168.1.2. Kisha nikazima DHCP, ile kazi ya kugawia simu na kompyuta anwani, maana mgawaji mmoja anatosha. Mwisho nikauhamisha waya kutoka tundu la WAN, lile la kupokea intaneti ya nje, kwenda la LAN. Hapo ikakubali.

Jina na nywila nimeweka sawa na za sebuleni, ila chaneli, yaani njia ya mawimbi ya Wi-Fi, nimetofautisha: ile 1, hii 6. Mama sasa anaongea na wajukuu kwa video akiwa kitandani, na ameanza kulalamika kwamba wanampigia mno.