Pale stelingi alipouawa na sanduku

Mjomba alikuja kunitembelea Arizona akitokea Tanga, mwezi wa kumi, nikampeleka Tucson kwa jamaa zetu, na siku ya kurudi Phoenix nikamwambia leo barabara kubwa tunaiacha, tunapita barabara ndogo ya 79, kuna sehemu nataka ukaione, alifia kauboi mmoja wa filamu za zamani sana. Mzee macho yakamtoka. Huyu ujana wake wote umeishia sinema ya Majestic pale Tanga, makauboi anawajua kwa sura hata kama majina anayatamka anavyojua mwenyewe. Ila huyo kauboi wangu, Tom Mix, yeye hamjui.

Sanduku lake akagoma lisikae kwenye buti, eti mna zawadi za watu zitapondwa, akaliegemeza siti ya nyuma kama abiria, tukaondoka.

Barabara yenyewe nyembamba, kushoto jangwa kulia jangwa, yale madungusi marefu kama nguzo za umeme yamenyoosha mikono juu kama watu waliosimamishwa na majambazi. Nikawa namhadithia. Filamu za Tom Mix karibu zote zilikuwa bubu, maneno yanaandikwa kwenye skrini unasoma, na kwa miaka ya 1920 ndo alikuwa stelingi kwelikweli, kofia jeupe pana, buti za nakshi, na farasi wake Tony naye staa, mwaka 1927 waliweka alama pamoja kwenye saruji nje ya ukumbi wa sinema wa Chinese Theatre kule Hollywood, mikono ya bwana na kwato za farasi. Studio ya Fox walikuwa wanamlipa mpaka dola 7,500 kwa wiki. Kwa wiki!

"We, kwa wiki?" Mjomba akarudia mara tatu, akaanza kupiga hesabu ya ng'ombe.

Sasa kinachonichekesha mimi ni maisha aliyotungiwa. Jamaa kazaliwa Pennsylvania mwaka 1880, huko kwenye misitu, matangazo ya studio yakasema mtoto wa Texas. Jeshini aliingia 1898 ila vitani hakwenda, na mwaka 1902 akaomba likizo akaondoka hakurudi tena, yaani mtoro, lakini watu wakaambiwa shujaa wa vita, tena eti mpaka Afrika Kusini kwenye vita vya Makaburu alipigana.

"Kumbe alifika kwetu!"

"Kwetu wapi mjomba, hajafika, si ndo uongo wenyewe nakwambia."

"Aah." Akanyamaza kidogo. "Lakini farasi alikuwa anapanda kweli?"

Hilo kweli. Kabla ya filamu alifanya kazi kwenye ranchi maarufu ya 101 kule Oklahoma, na michezo mingi ya hatari aliicheza mwenyewe. Tatizo ni ushahidi, maana filamu zake nyingi zimepotea, mwaka 1937 ghala la Fox kule New Jersey liliwaka moto, ile mikanda ya filamu ya zamani inashika moto kama petroli, ikaondoka mingi.

Tukapitiliza. Nilikuwa naongea sana, ikabidi nigeuze gari. Ni mnara wa mawe kando ya barabara, kama maili 17 au 18 kabla hujafika Florence, juu yake kafarasi keusi ka chuma, kichwa kimeinama, tandiko lipo, mpandaji hayupo. Kimewahi kuibiwa hicho, sijui mtu anakipeleka wapi. Upepo tu na nzi wawili watatu.

Mjomba akauliza kwa hiyo walimpiga risasi hapa. Nikamwambia hapana. Ilikuwa tarehe 12 Oktoba 1940, ana miaka 60, ametoka Tucson kama sisi, anaendesha gari lake aina ya Cord, anakimbia, mbele daraja limeharibika kumewekwa vizuizi, akachelewa kushika breki, gari likaingia korongoni na sanduku lake la chuma lililokuwa nyuma likaruka likampiga kisogoni. Basi. Hilo sanduku lipo makumbusho kule Dewey, Oklahoma, lina bonde pale lilipogonga.

Mzee akasogea mpaka ukingoni akachungulia. Korongo lenyewe kavu, mchanga na vichaka, halitishi hata kidogo, kwetu mtoto anavuka anaimba.

"Stelingi hafi," akasema, kama anamdai mtu. Halafu akageuka, "na huyo farasi je?"

Tony alikuwa ameshazeeka, alikufa miaka miwili baadaye, mwezi huohuo wa kumi.

Akatikisa kichwa. Nikampiga picha mbili pale kwenye mnara, kwenye zote kavua kofia. Kurudi kwenye gari namkuta anahangaika na mlango wa nyuma, anasema we fungua buti, nikamuuliza na zawadi za watu je?

"Zipondwe," akasema, huku anaburuta sanduku.