Jinsi usharika wetu ulivyoanza kutuma

Nilipopewa ukatibu wa kamati ya misheni na uinjilisti katika usharika wetu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), huku mlimani Kilimanjaro, kila kikao kilikuwa na jibu lile lile: "Mwalimu, tumalize kwanza jengo." Na jengo haliishi. Likiisha paa huja vigae, vikiisha vigae huja vyombo vya kwaya, kisha nyumba ya mchungaji. Misheni ilibaki bahasha ya Jumapili moja kwa mwaka, nayo ilirudi nyepesi.

Sikuanza na fedha. Nilimwomba mchungaji ruhusa ya kupita kwenye jumuiya, katika ibada za nyumba kwa nyumba, nisimulie habari ya Akeri, kule Meru. Wengi wetu tuna ndugu Meru na barabara ya Arusha tunaipita kila mara, lakini wachache walijua kwamba Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale usiku pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Nilisimulia yote, hata jinsi jeshi la Wajerumani lilivyowaadhibu Wameru na Waarusha kwa ukatili baada ya hapo. Waumini wetu ni watu wazima, na Injili haihitaji kufichiwa historia. Kisha nikaendelea: mwaka 1902 misheni ilirudi Meru ikafungua kituo cha Nkoaranga, ambako leo watu wanatibiwa. Wapo watu Ulaya waliowazika vijana wao kwa mbali, wakaendelea kutoa sadaka kwa ajili ya watu ambao wasingewaona kamwe. Hao ambao wasingewaona ndio sisi.

Katika jumuiya moja mama mjane aliuliza, "Na hao Wachaga waliokufa, nani aliwalilia?" Nyumba nzima ilinyamaza. Swali lile lilizunguka usharika kwa mdomo kuliko hotuba yoyote niliyotoa, kwa sababu lilionyesha kwamba watu wa mlima huu walikuwa safarini tangu mwanzo. Aliyesema sisi ni maskini nilimsomea 2 Wakorintho 8, habari ya makanisa ya Makedonia yaliyotoa katika umaskini wao, tena kwa kuomba wapewe nafasi ya kutoa.

Baada ya hapo tulihitaji mtu, si mfuko. Kupitia dayosisi tuliunganishwa na mwinjilisti anayetumika ng'ambo ya Ruvuma, mkoa wa Niassa nchini Msumbiji, kati ya Wayao, ambao wengi wao ni Waislamu. Nilimwomba asitutumie bajeti, bali orodha ya vitu anavyohitaji. Ikaja: matairi ya baiskeli, taa ya sola, nakala za Agano Jipya la Kiyao, ada ya mtoto wake. Kila jumuiya ikachukua kitu kimoja, ikakiombea na kukilipia. Ukisema "changieni misheni", watu wanatazama saa. Ukisema "jumuiya ya kwa Mzee fulani wana matairi, ninyi mna taa", wanaanza kuulizana taa imefika wapi.

Naye mwinjilisti alitutumia ujumbe wa sauti, tukaucheza kwenye spika wakati wa matangazo. Mvua ilisikika ikipiga bati nyuma yake. Alisalimia, akataja majina ya watoto anaowafundisha, akaomba tumwombee jirani yake Mwislamu aliyempa kivuli cha mwembe wake wafanyie ibada. Jumapili ile hakuna aliyetoka nje kabla ya baraka.

Mnada wa sadaka baada ya ibada siku hiyo siusahau. Trei ya mayai ilinunuliwa, mnunuzi akairudisha mezani: "Iuzwe tena, kwa ajili ya Niassa." Ikauzwa, ikarudishwa. Mkungu wa ndizi nao ukafuata njia hiyo hiyo. Vijana wa kipaimara walichangishana wakapata kuku, nao wakamrudisha. Mwendesha mnada sauti ilimkauka.

Kilichofanya moto ule usizimike ni hesabu. Mtunza hazina alisoma hadharani kilichopatikana, kilichotumwa na kilichopokelewa, na risiti ya matairi, iliyoandikwa kwa Kireno, tuliibandika kwenye ubao wa matangazo. Wazee waliokuwa wagumu kuliko wote ndio waliosimama kuisoma, miwani puani. Kamati yetu haikugusa hata shilingi ya chai kutoka kwenye fedha hiyo, na ninamsihi yeyote anayeanza kazi hii alinde jambo hilo kwa wivu. Kanisa likishuku mara moja, utaimba miaka mingi bila kusikilizwa.

Leo baraza la wazee limepitisha kwamba mnada wa Jumapili ya mwisho wa kila mwezi ni wa misheni, hata jengo likiwa na uhitaji. Na limekuja jambo kubwa zaidi: muuguzi kijana, binti wa kwaya yetu, ameomba kutumwa yeye mwenyewe. Katika Matendo 13 kanisa la Antiokia liliwatoa Barnaba na Sauli, watu wake bora, wakatumwa, kwa hiyo hatuna hoja ya kumzuia. Bado kuna ya kushughulikia: kibali cha kuishi Msumbiji, bima, posho. Kireno ameshaanza kujifunza. Sharika mbili jirani zimekubali kubeba sehemu ya posho yake, na ya tatu tunakutana nayo baada ya Pasaka.