Moto Unaokausha Kimea na Naitrosamini Katika Bia

Ukitaja sumu ya kwenye pombe hapa Mwanza, wengi hufikiria gongo. Kwa upande wa bia, hata hivyo, kemikali iliyowahi kuwashtua wataalamu duniani haikuzaliwa kwenye pipa la kuchachushia, bali kwenye tanuri la kukaushia kimea, yaani nafaka iliyochipuzwa, kabla nafaka hiyo haijakutana na maji ya kupikia.

Shayiri inapochipua hujitengenezea amini, yaani kemikali zenye naitrojeni, zikiwamo hodenini na gramini. Kimea kibichi kikikaushwa kwa hewa iliyopita moja kwa moja kwenye moto, oksidi za naitrojeni zilizomo katika hewa hiyo hushikana na amini hizo, na matokeo yake ni NDMA, aina ya naitrosamini inayohesabiwa miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi mweusi si kipimo cha hatari hapa. Moto wa gesi, ule wa buluu usioacha hata masizi, huwa mkali kiasi cha kuunganisha naitrojeni na oksijeni ya hewa ya kawaida, kwa hiyo unaweza kufanya madhara hayo bila jicho kuona chochote.

Watafiti wa Ujerumani walilibaini jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1970, na viwanda, kwa kweli, havikuchelewa: vingi viliutenga moto na nafaka, joto likawa linapitishwa kwenye mabomba, na vingine vikachoma salfa kidogo tanurini ili gesi yake izuie mmenyuko. Marekani iliweka kikomo cha NDMA katika bia cha sehemu 5 katika bilioni. Kiasi kidogo namna hiyo hakionjeki wala hakinusiki; hutenganishwa kwa kromatografia ya gesi, mbinu ya maabara ya kuchambua kemikali moja moja, kisha molekuli huvunjwa kwa joto, naitriki oksidi inayotoka hukutanishwa na ozoni, na mwanga hafifu unaotokea ndio unaopimwa.

Iko njia ya pili, ambayo haina moto. Bakteria waliojipenyeza kwenye hamira hugeuza naitreti, chumvi yenye naitrojeni iliyomo kwenye maji na kwenye hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), kuwa naitriti, nayo huungana na amini wakati bia inachachuka. Dawa yake ni usafi, pamoja na kuiosha hamira kwa asidi baridi.

Mama mmoja wa Buhongwa anayepika pombe ya mtama huanika kimea chake juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, akikigeuza kwa mkono hadi vimizizi vikatike vyenyewe. Nilipomuuliza kuhusu masika, alinijibu, “Mwanangu, mvua ikizidi nakipandisha darini, juu ya mafiga.” Jua halina oksidi za kumletea, moshi wa mafiga unazo, na ningemshauri asubiri jua. Kinachonipa shaka zaidi ni kisima chake, kilicho jirani mno na choo cha shimo, kwa sababu uchafu wa choo hupandisha naitreti majini na kuchemsha hakuiondoi. Kuipima ni rahisi kuliko kupima NDMA, na mimi ningeanzia hapo.