Uso si Ushahidi: Mhalifu katika Sinema Bubu

Sinema ilianza kusimulia uhalifu kabla haijapata sauti. Mwaka 1901 Ferdinand Zecca wa kampuni ya Pathé, huko Ufaransa, alitengeneza Histoire d'un crime, picha fupi ya mwizi anayeua, akakamatwa, akaota ndoto akiwa korokoroni na hatimaye akakatwa kichwa. Miaka miwili baadaye, Marekani, Edwin S. Porter alitoa The Great Train Robbery, filamu ya takriban dakika 12 kuhusu majambazi wanaolivamia garimoshi. Ndani yake mna picha moja isiyohitajika kabisa katika kisa chenyewe: kiongozi wa majambazi anatukodolea macho, anainua bastola na kutufyatulia usoni. Wenye majumba ya sinema waliachiwa hiari ya kuiweka mwanzoni au mwishoni, kwa kuwa kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kutuonyesha sura ya mtu mbaya.

Hilo ndilo jambo ambalo limenishughulisha tangu nianze kuzitazama filamu hizi, ambazo nyingi sasa zinapatikana bure katika intaneti. Mahakamani mshtakiwa husomewa mashtaka, mashahidi wakahojiwa, naye akapewa nafasi ya kujitetea kabla ya hukumu kutolewa. Ngome yetu ya hapa Lamu, ambayo leo ni jumba la makumbusho, ilikuwa gereza kuanzia mwaka 1910 hadi 1984, na aliyehukumiwa kufungwa humo alipaswa kwanza kusikilizwa mahakamani. Katika sinema bubu mshtakiwa hana ulimi. Ana uso, mikono, mavazi na mwendo, pamoja na vibao vichache vya maandishi vilivyoandikwa na mtu mwingine. Mtengenezaji filamu alilazimika kumtambulisha mhalifu kwa macho peke yake, na kwa maoni yangu namna alivyofanya hivyo ndiyo inayotenganisha filamu zilizotenda haki na zile zilizodhulumu.

Mfano wa dhuluma ninaoukumbuka upesi ni Rescued by Rover, ya Cecil Hepworth wa Uingereza, mwaka 1905. Mtoto mchanga anaibwa na mwanamke ombaomba, kisha mbwa wa nyumbani anamtafuta hadi anampata. Watu waliipenda mno, hata negativu yake, yaani mkanda wa asili, ikachakaa kwa kutolewa nakala, ikabidi filamu ipigwe upya mara mbili. Ni kazi ya ustadi, na mtu akitaka kujua jinsi picha zilivyoanza kuunganishwa ili kuonyesha safari ya kutoka mahali hadi mahali, aanzie hapo. Lakini yule mwanamke hakupewa sababu ya maana ya kuiba mtoto, ila kunyimwa sadaka na yaya. Amevaa matambara, anaishi darini, anakunywa pombe, na hayo yametosha kuwa ushahidi. Umaskini wake ndio uliosimama mahali pa mashtaka.

The Cheat ya Cecil B. DeMille, ya mwaka 1915, inanisikitisha zaidi kwa sababu ni filamu nzuri kwa mwanga na uigizaji. Mwanamke wa tabaka la juu anachukua dola 10,000 za hisani alizokabidhiwa, anazipoteza katika biashara ya kubahatisha, kisha anakopa kwa tajiri wa Kijapani anayeigizwa na Sessue Hayakawa, kwa sharti ambalo hata mtoto angelielewa. Anapotaka kurudisha fedha ili ajitoe katika sharti hilo, tajiri anamchoma begani kwa chapa ya moto, ile ile anayoitumia kutia alama vitu vyake. Naye mwanamke anampiga risasi. Mumewe anajitwika kosa, kesi inafika mahakamani, na mwanamke anapolifunua bega lake mbele ya watu, umati unawaruka walinzi ili ukamshambulie yule mgeni. Kosa la mgeni huyo ni kubwa na silitetei. Ila fedha za hisani zilizoibwa mwanzoni zimekwisha kusahauliwa na kila mtu, jaji na watazamaji pamoja, na mke na mume wanatoka mahakamani wakishangiliwa.

Wajapani walilalamika. Filamu ilipotolewa tena mwaka 1918, wakati Japani ilikuwa mshirika wa Marekani vitani, mhusika yule alibadilishwa kuwa Mburma. Vilivyobadilishwa ni vibao vya maandishi tu. Uso ulibaki ule ule wa Hayakawa, mtazamo ule ule, tabasamu lile lile la upande mmoja, na uso ambao mwaka 1915 ulithibitisha uovu wa taifa moja sasa ukathibitisha uovu wa taifa jingine. Sijui ushahidi mzito kuliko huu kwamba uso wenyewe haukuwa umesema lolote.

Wakubwa wa enzi hizo walikuwa na hofu nyingine. Jiji la Chicago lilipitisha sheria mwaka 1907 iliyompa mkuu wa polisi mamlaka ya kuruhusu au kukataa filamu, na mwaka 1909 Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois ikaiunga mkono, katika kesi iliyohusu filamu za majambazi. Paris nako polisi walisimamisha kwa muda baadhi ya sehemu za Les Vampires, mfululizo wa Louis Feuillade wa miaka 1915 na 1916, ambao majambazi wake waliwashinda polisi kwa akili mara nyingi mno. Walichohofia ni vijana kujifunza wizi, na hofu hiyo ninaielewa. Kujifunza kumshuku mtu kwa sura yake hakukuhitaji kibali cha polisi.

Wapo waliofanya vizuri zaidi. D. W. Griffith, ambaye mwaka 1915 angetoa filamu yenye chuki kubwa dhidi ya watu weusi, mwaka 1912 alikuwa ametengeneza The Musketeers of Pig Alley, kuhusu magenge ya mitaa maskini ya New York. Jambazi wake, anayeigizwa na Elmer Booth, anamwibia mwanamuziki kijana pochi yake, na baadaye anamwokoa mke wa kijana huyo huyo asinywe kinywaji kilichotiwa dawa. Kuna picha moja ambamo ananyemelea kando ya ukuta, akitujia polepole hadi nusu ya uso wake inajaa pazia lote. Nimeisimamisha mara nyingi nikautazama uso huo, na ninachokiona humo ni uangalifu, pamoja na woga kidogo. Karibu na mwisho polisi anakuja kumkamata, na wale mume na mke wanamshuhudia kwamba alikuwa kwao. Kisha, akiwa amesimama mlangoni, mkono wa mtu tusiyemwona unaingia kutoka pembeni mwa picha na kumpa fedha. Kibao kinasema kwamba hizo ni pingili za mfumo. Mwenye mkono ule hana sura hata kidogo.

Filamu ninayoipenda kuliko zote katika aina hii ni The Lodger ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1927, na ndiyo niliyowaonyesha vijana wa mtaani kwetu Langoni, kwa projekta ndogo na shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Niliyasoma maandishi kwa Kiswahili kadiri yalivyotokea, kama walivyofanya wasimulizi wa sinema wa Japani walioitwa benshi. London inaingiwa na hofu ya muuaji wa wasichana wenye nywele za rangi ya dhahabu. Usiku wa ukungu mpangaji anabisha hodi, shali imemfunika nusu ya uso. "Ami, ndiye huyu," alisema kijana mmoja kabla mgeni hajavuka kizingiti, na wenzake wakakubali.

Hitchcock alitaka waseme hivyo. Anaionyesha taa ya darini ikitikisika, wenye nyumba wanainua macho, na dari inageuka kioo ili tuzione nyayo za mpangaji akienda na kurudi chumbani. Kutembea tu kunakuwa kosa. Askari anayemchumbia binti wa nyumba ana wivu, na wivu unakusanya vielelezo upesi. Mwishoni mpangaji anakimbia akiwa na pingu, zinanasa kwenye ua wa vyuma anaouruka, akabaki ananing'inia huku umati ukimpiga. Vijana walinyamaza. Hakuna asiyejua katika nchi hii jinsi mtu anavyoweza kupigwa hadi kufa kwa sababu mmoja amepaza sauti "mwizi!" na wengine wakachukua sheria mkononi.

Mpangaji hana hatia. Dada yake aliuawa na muuaji yule yule, naye alikuwa akimsaka. Baada ya filamu kijana aliyemtambua mlangoni aliniuliza muuaji mwenyewe yukoje, kwa kuwa tunaambiwa tu kwamba amekamatwa kwingineko. Nilimjibu kwamba uso wake haumo katika picha hata moja. Aliomba nirudishe nyuma ahakikishe, tukaitazama upya ile sehemu yote tangu baani hadi kwenye ua wa vyuma.