Huko kwingine huenda hakuna ziwa

Kigoma, Jumapili usiku

Kinachonivuta kwenye nadharia ya nyuzi (string theory) ni mvutano, ile nguvu inayoangusha vitu chini (graviti). Mwaka 1968 mwanafizikia Gabriele Veneziano alikuwa akitafuta fomula ya kueleza jinsi chembe za ndani ya atomu zinavyogongana. Baadaye wenzake wakagundua kwamba fomula ile inaelezea nyuzi ndogo mno zinazotetema, kila mtetemo ukiwa chembe ya aina yake. Kukawa na mtetemo mmoja uliowasumbua, hauna kazi. Mwaka 1974 Joël Scherk na John Schwarz wakaonyesha kuwa ule ndio chembe ya mvutano. Hakuna aliyeuingiza mvutano kwenye hesabu, ulijitokeza wenyewe. Nikifika hapo huwa naweka kalamu chini kwanza.

Gharama yake ni kwamba hesabu hizo zinadai vipimo (dimensions) kumi. Vitatu vya nafasi na kimoja cha wakati tunavijua. Sita vilivyobaki inabidi viwe vimekunjwa mahali padogo kuliko chochote tunachoweza kupima. Na namna ya kuvikunja si moja: makadirio yanayotajwa sana ni 1 yenye sifuri 500 nyuma yake, na kila mkunjo una fizikia yake. Ndipo likaja wazo kwamba pengine mikunjo hiyo yote ipo kweli, kila mmoja na ulimwengu wake.

Niliwagusia haya wanafunzi wa kidato cha nne Alhamisi, baada ya mada ya mawimbi. Kengele ilipolia kijana mmoja akabaki, daftari amelikumbatia kifuani, vidole vina wino wa bluu. Baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, ziwa lilimchukua.

"Mwalimu, kwa hiyo kuna ulimwengu ambao baba siku ile hakwenda ziwani?"

Nikamwambia, "Mwanangu, nipe siku mbili tatu nikujibu vizuri."

Nimelifikiria sana. Anachouliza hakitoki kwenye nyuzi. Kinatoka kwa mwanafizikia Hugh Everett, aliyependekeza mwaka 1957 kwamba kila matokeo ambayo fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno, inayaruhusu yanatokea, kila moja kwenye tawi lake. Huko ndiko kwenye nakala zetu. Kwenye nyuzi hali ni ngumu zaidi: badili mkunjo, na uzito wa elektroni unabadilika, nguvu zinazoshikilia atomu zinabadilika. Sehemu nyingi za huko huenda hazina nyota wala maji. Hakuna Tanganyika, hakuna karabai usiku wa giza, hakuna baba wa kwenda au kubaki.

Wanaolitetea wazo la mikunjo yote kuwepo wana hoja moja ninayoiheshimu mno. Mwaka 1987 mwanafizikia Steven Weinberg alisema nishati ya anga tupu ikizidi kiwango fulani, galaksi haziwezi kuumbika, kwa hiyo tutarajie namba yake iwe ndogo lakini si lazima sifuri. Mwaka 1998 vipimo vya nyota zinazolipuka vikaonyesha ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, na namba ya nishati hiyo, inayodhaniwa ndiyo inayousukuma, ikawa ndogo kweli, isiyo sifuri. Hata hivyo, nadharia yenye mikunjo mingi kiasi hicho inaweza kukubaliana na karibu kila utakachopima, na hilo linaninyima raha. Mtambo wa kugonganisha chembe, wa kilomita 27 karibu na Geneva, uliipata mwaka 2012 chembe ya Higgs, inayohusiana na jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito, lakini chembe pacha, yaani mwenza wa kila chembe tunayoijua, ambazo watu wa nyuzi walizitumainia hazijaonekana.

Kwa hiyo sitamwambia kwamba baba yake yuko mahali. Hakuna aliyelipima hilo, na hata Everett akiwa sahihi, matawi yale kwa hali ya kawaida hayapeani habari. Nitamwambia swali lake ni swali halali la fizikia, wapo watu wazima wanaolihangaikia maisha yao yote. Kisha, akitaka, tutakaa baada ya vipindi tukokotoe mitetemo ya uzi uliofungwa ncha mbili, kuanzia ule wa chini kabisa.