Kompyuta iliyokuwa inazimika saa tisa usiku

Mimi hucheza chesi ya masafa, ile ambayo kusogeza kete moja unaweza kuchukua siku kadhaa. Kwenye ICCF, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, injini, yaani programu ya kompyuta inayotafuta hatua bora, inaruhusiwa, kwa hiyo asiyeichemsha kompyuta yake usiku kucha ndiye anayeliwa. Mimi nachemsha mashine ya mtumba yenye prosesa ya mwaka 2013, kori nne, tredi nane, yaani inaendesha kazi nane sambamba. Iko chumbani kwetu Temeke, ambako usiku wa Februari kipimajoto cha ukutani kinasoma 31.

Mwaka jana nilikuwa na mchezo mmoja uliofika hatua za mwisho, zimebaki hasa rukhi (ngome) na askari, ulionikosesha usingizi. Jioni naiwasha Stockfish, injini yangu, alfajiri nakuta kioo cheusi. Mara ya tatu nikakaa macho nione kinachotokea. Saa tisa na dakika chache feni ikapiga kelele kama pikipiki inayopanda kilima, kisha kimya. Mke wangu akageuka upande wa pili: “Baba Salma, leo imepaa kweli?”

Kwanza nililaumu umeme, maana ndiyo desturi yetu. Lakini taa ya nje ilikuwa inawaka.

Nikaweka HWiNFO, programu ya kupima hali ya kompyuta, nikaanza kuangalia joto. Ndani ya dakika mbili prosesa ilifika 100, na hapo ndipo yangu huanza kujipunguzia kasi ili isiungue. Stockfish ilianza na nodi milioni 4.6 kwa sekunde, nodi ikiwa ni mkao mmoja inaoupitia. Baada ya dakika kumi zilibaki milioni 3.5. Yaani nilikuwa nalipia LUKU ya moto halafu moto wenyewe unanichelewesha. Kazi hii pia si kama kufungua vichupo hamsini vya intaneti. Tangu Stockfish 12 ya mwaka 2020, injini hutathmini mikao kwa mtandao wa neva, na hesabu zake hupita kwenye amri za AVX2, zinazofanya hesabu nyingi kwa mpigo na ambazo hupasha prosesa kuliko kazi za kawaida.

Nikaipeleka kwa fundi Kariakoo. Alipofungua mfuniko alicheka. “Kaka, hii umeisahau tangu Uhuru.” Vumbi lilikuwa limeshikana kwenye mapezi ya feni kama blanketi. Pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipoozeo, ilikuwa imekauka ikawa chokaa. Lakini aliponionyesha jambo la tatu ndipo nilipoona aibu: miguu ya feni ni minne, ya plastiki, kila mmoja husukumwa hadi ulie “tak”. Mmoja haukuwahi kulia. Feni ilikuwa imeegemea upande kwa miaka, na ni mimi niliyeifunga. Akafuta kwa spiriti, akaweka pesti mpya kama punje moja ya dengu, akasukuma miguu kwa mshazari, mmoja na wa kinyume chake. Joto likashuka hadi 88.

Bado 88 kwa saa arobaini mfululizo sikuipenda. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda pamoja na kasi, na hupanda kwa mraba wa volti. Yangu kasi ya kawaida ni GHz 3.4, turbo, yaani kasi ya ziada inayojiwasha yenyewe, hufika 3.9, na hiyo nusu ya mwisho ndiyo inayodai volti nyingi. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows nikashusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye mashine yangu hiyo asilimia moja inazima turbo kabisa. Joto likatulia kwenye 74, nodi milioni 4.1, usiku wote bila kuyumba. Kufungua ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya mezani nako nilijaribu. Joto lilipungua kidogo, vumbi likarudi ndani ya wiki mbili. Nikaufunga.

Nikadhani nimemaliza. Usiku wa nne Stockfish ikajifunga yenyewe, kompyuta ikiwa baridi.

Hapa amri ya bench, jaribio lililomo ndani ya Stockfish yenyewe, ndiyo iliyoniokoa. Stockfish ikitumia tredi moja, kwa mipangilio ileile, idadi ya nodi inayotoa mwishoni lazima iwe ileile kila mara, hadi tarakimu ya mwisho. Ukiweka tredi nyingi haitalingana, na hilo si kosa. Nikaweka tredi moja, hashi (nafasi ya kuhifadhi mikao iliyokwisha kupitiwa) MB 4096 ili iguse RAM, kumbukumbu ya kompyuta, kwa wingi, kina kirefu cha utafutaji, nikairudia mara ishirini huku nikiandika namba kwenye daftari la hesabu za Salma. Kumi na saba zililingana. Tatu hazikulingana.

Basi si joto. Vijiti vyangu vya RAM ni viwili vya GB 4, kila kimoja cha duka lake. Memtest86+, programu ya kupima RAM, haikuhitaji hata saa moja kujaza kioo mistari myekundu. Nikachomoa kimoja, ikawa safi. Nikashusha hashi hadi MB 2048, nikarudia bench, namba zikafanana zote.

Mchezo wangu wa rukhi ulikuwa bado unasubiri. Nikawasha Ijumaa jioni, nikaiacha hadi Jumapili. Saa arobaini, haijazimika hata mara moja. Tathmini: 0.00, yaani hakuna aliye mbele.

Nikapendekeza sare. Mpinzani akakubali siku hiyohiyo.